Dakika Tano za Mkuu Mpya

Kengele ya kitanda cha kumi na mbili ililia saa saba na dakika kumi mchana, na kitanda kilikuwa kitupu.

Hilo peke yake si neno. Kengele za hospitali zina wazimu wake, na mvua ya mji huu wa Keelung huingia kwenye kila waya uliowahi kutundikwa na binadamu. Ila hii ililia saa ya kulala mchana. Taa za wodi zimezimwa, mapazia yamevutwa, wagonjwa wanakoroma, na ndugu zao wamejikunja pembeni kwenye vile vitanda vya kukunja ambavyo hata mbwa angevikataa. Muuguzi Yu-han, msichana wa miaka ishirini na mitatu, alikuwa peke yake mezani. Akabonyeza kitufe, akajibu kama alivyofundishwa.

"Kitanda cha kumi na mbili, nikusaidie nini?"

Kwenye spika mtu alisafisha koo. Kisha ikaja sauti ya mzee, ya taratibu, ya mtu asiyependa kusumbua watu.

"Samahani, binti. Tunageukia wapi?"

Yu-han alinyanyua shingo. Kutoka pale mezani kitanda kilionekana vizuri. Godoro lilikuwa limepigwa dawa, shuka limekunjwa kwenye kona. Hakukuwa na mtu. Ilikuwepo harufu tu, iliyotambaa hadi mezani: mafuta ya kuchua, yale ya kafuri, ambayo wazee hujipaka mpaka macho ya jirani yatoe machozi.

Ili ujue mzee huyo alikuwa nani, na kwa nini hakujua pa kugeukia, lazima kwanza nikueleze habari za mwanamke mmoja mwenye cheti.

Hsu Pei-chun alitoka Taipei kwa treni ya asubuhi, na sanduku la magurudumu, na koti jeupe lililopigwa pasi hadi likawa na makali. Alikuja kuwa mkuu wa wodi ya ghorofa ya saba. Alikuwa amewahi kugusa mgonjwa, sikatai, lakini zamani, na kwa glavu. Miaka yake mingi aliitumia ofisini akijifunza namna ya kuwaambia wanaogusa wagonjwa kwamba wanawagusa vibaya.

Siku ya kwanza akawapanga wauguzi wamesimama, akabandika ukutani vikaratasi vya manjano na vya waridi.

"Mabadiliko yanaanza na sisi," akasema. "Kila dakika ni zawadi kwa mgonjwa."

Msafishaji aliyekuwa akipita na ndoo alidhani ni tangazo la sabuni.

Kilichokuwa nyuma ya maneno hayo kila mtu alikijua kabla ya chakula cha mchana, maana hospitali haina siri. Pei-chun alipewa miezi mitatu ya majaribio. Kazi ikienda haraka kuliko zamani, na asiache kazi muuguzi hata mmoja mpaka wakaguzi waje, cheo ni chake. Akishindwa, anarudi Taipei kukaa chini ya mwanamke aliyewahi kumfundisha yeye mwenyewe kutandika kitanda. Jambo hilo lilimchoma kuliko moto. Angekubali kung'olewa jino zima bila ganzi kuliko kumwamkia yule mwanamke kila asubuhi.

Basi akaanza kupima. Alitembea nyuma ya watu na simu mkononi, akihesabu sekunde za kugawa dawa, za kubadilisha shuka, za kwenda msalani. Mwisho akafika kwa maiti.

Katika wodi ile, tangu siku ilipofunguliwa, mtu akifa muuguzi wa zamu hamwachi aende peke yake. Huandamana na machela, na njia nzima humwambia marehemu, kwa jina lake, wanakokwenda. Bibi fulani, tunatoka chumbani. Tunageukia kushoto. Hii ni lifti, usiogope, itashuka. Tunavuka kizingiti. Kila kona, kila mlango, hadi chini ambako ndugu zake wanamngoja. Aliyekufa ni kama mtu aliyeamshwa ghafla kwenye nyumba ya watu. Hajui mlango uko upande gani. Mwili utasukumwa utafika. Mwenyewe lazima aelekezwe.

Pei-chun alipima: dakika kumi na moja. Akamwagiza msukuma machela, Mzee Tien-fu, asukume machela tupu njia ileile bila maneno. Dakika sita.

"Dada Yueh-o," akamwuliza muuguzi mkongwe wa wodi, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mnene, mwenye magoti mabovu na macho yasiyokopesha. "Hizi dakika tano huwa unaongea na nani?"

"Na mgonjwa wangu."

"Mgonjwa wako amekufa."

"Ndiyo maana namwonyesha njia. Angekuwa hai angeuliza mwenyewe."

Wauguzi wakatazama viatu vyao.

"Kuanzia leo basi," akasema Pei-chun. "Mzee Tien-fu atasukuma peke yake. Na majina hayatajwi tena kwenye korido, ni siri ya mgonjwa. Tutataja namba ya kitanda."

"Na wewe ukifa, Mkuu, tukuite kitanda?"

Mtu mmoja aliponyokwa na kicheko. Pei-chun naye akacheka, kile kicheko cha picha ya kitambulisho, akabandika kikaratasi cha waridi: Tumeokoa dakika tano.

Mwezi uliofuata akafa Bwana Kang Tek-sui, fundi saa wa kichochoro cha nyuma ya soko, aliyelazwa kitanda cha kumi na mbili siku thelathini. Alikuwa mtu wa adabu inayochosha. Akitaka maji aliomba radhi kwanza. Akipewa dripu alimshukuru muuguzi, na pengine alishukuru na sindano. Alikufa Jumanne, saa ya kulala mchana, saa saba na dakika kumi. Yueh-o siku hiyo alikuwa mapumziko. Yu-han akamfunika, naye mwenyewe akafumba mdomo kama alivyoamriwa. Mzee Tien-fu akasukuma kimyakimya. Dakika sita kamili. Pei-chun akapiga makofi, makofi kabisa, pale koridoni.

Siku mbili baadaye ndipo kengele ikalia.

Ikalia na kesho yake, na kesho kutwa, saa ileile. Fundi wa umeme akaja akabadilisha kitufe. Ikalia. Akabadilisha waya. Ikalia. Akaukata waya wenyewe, akauacha juu ya godoro kama mkia wa panya, akaenda kunywa maziwa ya soya, akarudi. Saa saba na dakika kumi ule waya uliokatwa ukalia, na sauti ikauliza kwa upole ileile tunageukia wapi, na fundi akaacha begi lake la vyombo, na hakurudi kulichukua mpaka leo.

Kisha zikaja ndara. Kila aliyekuwa macho saa hiyo alizisikia: kwaru, kwaru, kutoka kitanda cha kumi na mbili mpaka mlangoni. Zinasimama. Zinasita. Zinarudi.

Pei-chun alisema ni hewa kwenye mabomba. Na kwa kuwa kitanda kitupu kinaharibu hesabu, akamlaza hapo Bi Liau, mama wa makamo aliyevunjika nyonga, muuza maandazi ya mvuke, mwenye sauti ya kuita wateja toka ng'ambo ya barabara. Siku ya tatu Bi Liau akaita.

"Wewe mwenye koti! Njoo hapa. Huyu mzee wenu mnamfanyia nini?"

"Mzee gani, mama?"

"Anayesimama hapa miguuni kila mchana. Ananiuliza njia. Nitaijua mimi? Nimeletwa hapa nimelala chali, nimeona dari tu. Ninyi wote mna midomo, mnashindwa kumwambia?"

"Anaonekanaje?" Pei-chun akauliza kwa sauti ya chini, akitazama kama kuna anayesikia.

Bi Liau akafikiri. "Kama mtu aliyeshushwa stesheni isiyo yake. Nihamisheni. Simwogopi, ila ananitia huruma, na mimi huruma inanivuruga tumbo."

Jioni ile Yu-han alileta barua ya kuacha kazi, ameikunja mara nne. Hapo, kwa mara ya kwanza, Pei-chun aliogopa. Usidhani alimwogopa maiti. Aliogopa barua. Wakaguzi walikuwa wanakuja Ijumaa, zimebaki siku tatu.

"Subiri mpaka Jumamosi, mdogo wangu," akambembeleza. "Kesho nitakaa mwenyewe pale kitandani saa hiyo, uone kwamba hakuna kitu."

Akakaa. Bi Liau amehamishwa, pazia limezungushwa, taa zimezimwa, mvua inagonga dirisha, na yeye juu ya kiti cha plastiki na kompyuta yake ya mapajani, akijifanya anasoma. Saa saba na dakika tisa wodi nzima ikaacha kukoroma, wote mara moja, kama mtu amewaziba pua. Kisha pale nyuma ya pazia ndara zikaanza, kwaru, kwaru, zikienda mlangoni na kurudi, na kila zikirudi zilikuja karibu zaidi, na harufu ya kafuri ikamjaa puani hadi kooni mpaka akawa anaimeza, na pazia likavimba kwa ndani kana kwamba mtu ameliegemea kwa bega akitafuta mahali linapofunguka, likapapaswa pole pole, pindo kwa pindo, na vidole ambavyo havikuonekana ila mikunjo yake tu, mpaka mwanya ukapatikana, na kupitia mwanya ule kitu baridi kikamshika pembe ya mkono wa koti lake, si kwa nguvu, kama mzee anavyomshika mtu asiyemjua ili avushwe barabara.

"Samahani, binti," ikasema sauti, karibu na sikio. "Nimengoja sana. Tunageukia wapi?"

Pei-chun alitoka na kiatu kimoja.

Yueh-o alikuwa kwenye chumba cha dawa akila chakula chake cha boksi, wali na yai lililochemshwa kwenye soya. Akamtazama yule mkubwa wake kuanzia nywele hadi mguu mtupu.

"Kaa. Kunywa maji."

"Mtoe," Pei-chun akanong'ona. "Dada, nakuomba, mtoe."

"Nilikuwa mapumziko alipoondoka. Tena aliyekataza ndiye wewe, acha asikie mdomo wako ukikataza kukataza."

"Nisemeje?"

"Jina lake kwanza. Jina zima, mara tatu, aje. Chukueni machela tupu, Tien-fu asukume, wewe tangulia. Kila kona mwambie, kila mlango, lifti, kizingiti. Usiruke hata kimoja. Usitazame nyuma. Chini mwambie amefika." Yueh-o akakata yai kwa ncha ya kijiti cha kulia. "Jina lake unalijua?"

Hapo ndipo palipomshinda mwanamke yule. Siku thelathini alipita mbele ya kitanda kile na karatasi zake, na kwenye kila karatasi ameandika namba. Jina hakulijua. Lingemgharimu neno moja kuuliza. Neno moja, mbele ya mwanamke mwenye punje ya wali kidevuni.

"Nalijua," akasema.

Angeweza kufungua kompyuta akalisoma. Hakufungua. Alijiambia kwamba namba nayo ni utambulisho, ndivyo alivyofundisha yeye mwenyewe, na mtu akifundisha upuuzi kwa muda mrefu mwishowe humwingia.

Alhamisi, saa saba na dakika kumi. Mzee Tien-fu alikuja na machela, meno mekundu kwa tambuu aliyoitema mlangoni. Pei-chun akasimama mbele ya kitanda, akavuta koti.

"Kitanda cha kumi na mbili," akaita. "Kitanda cha kumi na mbili. Kitanda cha kumi na mbili."

Tien-fu akaachia mpini. "Mkuu. Umemwita nani?"

"Sukuma."

"Hicho kitanda kina miaka arobaini hapo, Mkuu. Wangapi wamekifia?"

"Nimesema sukuma!"

Akasukuma. "Tunatoka chumbani," akasema Pei-chun, na nyuma yake zile ndara zikaanza, kwaru, kwaru, naye akapumua, maana kumbe inafanya kazi. "Tunageukia kushoto," akasema, na ndara zikageuka kushoto, lakini sasa kulikuwa na ndara nyingine nyuma ya zile, na nyuma ya hizo miguu mitupu, ya mtu mzito, ikibandika sakafuni kama samaki, na gurudumu la stendi ya dripu linalolia kwa kukosa mafuta, na kikohozi cha mwanamke, kile kikohozi cha mapafu yaliyooza, na fimbo, na kilio kidogo cha mtu aliyekufa anaita mama yake, na kadiri walivyopita mbele ya milango ndivyo wagonjwa waliokuwa macho walivyojifunika shuka kichwani, mmoja baada ya mwingine, bila kuambiwa, na Tien-fu nyuma yake akasukuma machela tupu kwa mikono miwili, kisha kwa kifua, kisha kwa kichwa, akitweta, magurudumu yamelala chini ya uzito wa shuka lisilo na mtu, na Pei-chun, ambaye aliambiwa asitazame nyuma, hakutazama, ila alihisi shingoni pumzi za watu wengi waliosimama kwa mstari, wenye adabu, wanangoja kuambiwa.

Lifti ikafunguka. Lifti ya machela, ya watu ishirini na wanne. Wakaingia yeye, Tien-fu na machela.

Ikapiga kelele. Taa nyekundu ikawaka juu ya mlango: uzito umezidi.

Walitazamana, watu wawili.

"Mkuu," Tien-fu akasema, "mtaje jina. Mtaje huyo unayemtaka, wengine warudi."

"Jina lake nani?"

"Mimi nasukuma tu! Si mlitukataza majina?"

Lifti inalia. Mlango unataka kufunga, unarudi, unataka kufunga, unarudi, kama kuna bega katikati. Ndani mlikuwa na ubaridi wa jokofu na harufu za miaka arobaini, kafuri, mkojo, uji uliochacha, maua ya msiba. Sauti zikaanza, hakuna hata moja ya ukali, za kike, za kiume, ya mtoto mmoja pia, zote zinauliza kitu kilekile.

Yueh-o alikuja mbio na magoti yake mabovu. Alikuwa amesikia namba ikiitwa akiwa chumba cha dawa. Hakumtazama Pei-chun. Alisimama mlangoni pa ngazi, akaweka mikono mdomoni.

"Bwana Kang Tek-sui! Bwana Kang Tek-sui! Bwana Kang Tek-sui, fundi saa! Toka humo kwenye msongamano, baba. Njoo kwangu. Tutashuka kwa ngazi, taratibu, mimi na wewe wote hatuna haraka."

Machela ikanyanyuka kidogo, upana wa kidole. Kafuri ikapita mbele ya pua ya Tien-fu, ikatoka.

"Asante, binti," ikasema ngazini. "Samahani kwa usumbufu."

"Usumbufu gani, baba. Ngazi ya kwanza hii. Shika ukuta." Na sauti ya Yueh-o ikaanza kushuka, ghorofa kwa ghorofa.

Lifti bado inalia.

"Dada Yueh-o!" Pei-chun akapiga kelele. "Na hawa wengine?"

Jibu lilipanda kutoka chini, limechoka.

"Hao sikuwaita mimi."

Ijumaa wakaguzi walikuja. Wodi ilikuwa tulivu kama haijawahi. Kengele hailii, ndara hazitembei, Yu-han amechana barua yake. Mkuu wa wodi aliwapeleka wageni kwa ngazi ghorofa zote saba, wakamsifu kwamba anajali afya. Cheo akapewa. Mwezi mmoja baadaye akatoa agizo jipya kwamba marehemu wasindikizwe na waelekezwe, kwa majina, na gazeti la hospitali likaweka picha yake na kuliita agizo hilo wazo lake. Yueh-o alilitumia gazeti lile kufunikia mabakuli.

Sasa Pei-chun yuko Taipei, makao makuu, juu ya yule mwanamke aliyemfundisha kutandika kitanda. Alichokitaka amekipata. Watu wanastaajabu tu kwamba ni mwembamba mno, na kwamba hapandi lifti. Alijaribu, mwanzoni. Kila lifti aliyoingia peke yake ilipiga kelele na kuwasha taa nyekundu, na walinzi wakaja kumtazama, mwanamke wa kilo arobaini na tano amesimama katikati ya lifti tupu, amejibana ukutani.

Anaishi ghorofa ya kumi na moja. Hupanda kwa miguu, kila jioni, bila kusimama, maana akisimama nao husimama. Lakini magoti ni magoti. Pale ghorofa ya sita lazima apumzike, ashike reli, avute pumzi. Fimbo inatulia nyuma yake. Gurudumu la dripu linalia mara moja na kunyamaza. Mtu anakohoa, anaomba radhi.

Kisha wanauliza, kwa upole, kwa zamu. Naye anakaza macho kwenye ngazi iliyo mbele yake, anafungua mdomo, anatafuta hata jina moja.